Kuunda Modeli ya Trafiki Inayojifanana kwa Ajili ya Kutathmini Utendaji wa Mtandao

Chukua rekodi ya pakiti (vifurushi vidogo vya data) zilizopita kwenye kiungo chenye shughuli nyingi, hesabu baiti zilizofika katika kila kipindi cha milisekunde 10, kisha chora matokeo. Grafu itajaa vilele na mabonde. Rudia hesabu hiyo kwa vipindi vya milisekunde 100, kisha vya sekunde 1, kisha vya sekunde 10. Kama pakiti zingekuwa zinafika bila kutegemeana, vilele na mabonde vingefidiana na mstari ungelainika haraka kila unapopanua kipindi. Katika trafiki halisi jambo hilo hutokea polepole mno: wimbi lililoonekana kwenye milisekunde huonekana tena kwenye sekunde, na tena kwenye dakika, likiwa na umbo lilelile la jumla. Trafiki ya namna hii ndiyo tunayoiita trafiki inayojifanana, kwa kuwa sehemu yake ndogo hufanana kitakwimu na ile kubwa inayoibeba.

Kwa miongo mingi wahandisi walitumia hesabu zilizotokana na simu, ambako A. K. Erlang alionyesha mwaka 1909 kwamba simu zinazopigwa zinaweza kuelezwa kwa mgawanyo wa Poisson, yaani wa matukio yanayotokea kwa nasibu bila kutegemeana. Mwaka 1993 Will Leland, Murad Taqqu, Walter Willinger na Daniel Wilson walichapisha uchambuzi wa trafiki ya Ethernet (teknolojia ya mitandao ya ndani ya jengo) iliyorekodiwa Bellcore, kampuni ya utafiti wa mawasiliano nchini Marekani, kati ya mwaka 1989 na 1992, wakaonyesha kwamba mgawanyo huo haufai kwa pakiti za mtandao wa kompyuta. Baada yao Vern Paxson na Sally Floyd walionyesha kwamba pakiti za mitandao ya masafa marefu nazo haziufuati, ingawa kuanza kwa vikao vya watumiaji, ndani ya saa moja, bado kunaelezwa vizuri na Poisson. Tofauti hiyo kati ya vikao na pakiti itatusaidia tutakapochagua modeli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzalisha trafiki ya aina hii ili apime foleni, upotevu wa pakiti na ucheleweshaji. Msimamo wake ni mmoja: modeli huhukumiwa kwa foleni ambayo trafiki yake inasababisha, wala si kwa namba moja iliyolingana na rekodi.

Anza na swali unalotaka kujibu

Kabla ya kukadiria chochote, andika ni kiungo gani unakipima, kasi yake, ukubwa wa bafa yake (kumbukumbu inayohifadhi pakiti zinazosubiri kutumwa), na matokeo unayoyatafuta. Mambo hayo ndiyo yanayoamua ni vipimo vipi vya muda vyenye maana kwako. Tuseme kiungo kina kasi ya megabiti 100 kwa sekunde na bafa ya pakiti 100 zenye baiti 1,500 kila moja. Bafa iliyojaa ina biti 1,200,000, nayo humalizwa kwa milisekunde 12. Foleni kama hiyo hufutika mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila inapofutika husahau yaliyotangulia; kwa hiyo umbo la tukio moja la kujaa kwa bafa huamuliwa zaidi na tabia ya trafiki katika milisekunde chache kuliko utegemezi wa dakika nyingi. Utegemezi wa dakika nyingi, kwa upande wake, ndio unaoamua jinsi matukio hayo yanavyosongamana pamoja, na jinsi wastani wa upotevu unavyochelewa kutulia. Mtu anayepima bafa ndogo kwa modeli inayolingana na rekodi kwenye sekunde tu, bila kuangalia milisekunde, atapata jibu lisilohusiana na kifaa chake.

Andaa rekodi

Rekodi yako iwe na muda wa kufika wa kila pakiti pamoja na ukubwa wake. Programu ya tcpdump inatosha kwa kazi hiyo. Asiye na ruhusa ya kurekodi mtandao anaweza kutumia rekodi za wazi, na mojawapo iliyochambuliwa sana ni ile ya Bellcore ya Agosti 1989, yenye pakiti milioni moja zilizopita kwa takriban sekunde 3,143. Ukiihesabu kwa vipindi vya milisekunde 10 utapata mfululizo wa namba zaidi ya 314,000, urefu unaotosha kwa makadirio ya maana. Hesabu baiti na pakiti kwa mifululizo miwili tofauti, kwa sababu bafa nyingine hupimwa kwa baiti na nyingine kwa idadi ya pakiti.

Hatua inayorukwa mara nyingi, na ambayo naisisitiza kuliko zote katika sehemu hii, ni kuuangalia mfululizo kwa macho. Kupanda kwa matumizi asubuhi, kuzimwa kwa seva katikati ya kipimo, au nakala ya akiba iliyoanza ghafla na kuinua wastani, yote hayo hufanya zana za takwimu zitoe dalili za utegemezi wa masafa marefu (yaani, kwamba yanayotokea sasa bado yanahusiana na yaliyotokea muda mrefu uliopita) hata pale ambapo utegemezi huo haupo. Gawa rekodi katika nusu mbili au robo nne, kisha linganisha wastani na variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya kila kipande. Kama vinatofautiana kwa mwelekeo ulio wazi, chagua kipindi kifupi zaidi kilichotulia, mathalani saa moja yenye shughuli nyingi, na ufanye kazi ndani yake.

Kadiria kigezo cha Hurst kwa njia zaidi ya moja

Nguvu ya kujifanana hupimwa kwa kigezo cha Hurst, kinachoandikwa H. Jina hilo limetoka kwa H. E. Hurst, aliyechunguza kumbukumbu za maji ya mto Nile na kuchapisha matokeo yake mwaka 1951. H ikiwa 0.5, mfululizo hauna utegemezi wa masafa marefu. Ikiwa kati ya 0.5 na 1, utegemezi upo, nao huongezeka kadiri H inavyoikaribia 1.

Njia iliyo rahisi kueleweka ni ya variansi na muda. Gawanya mfululizo katika mafungu yenye namba m kila moja, tafuta wastani wa kila fungu, kisha tafuta variansi ya wastani hizo. Fanya hivyo kwa m = 1, 2, 4, 8 na kuendelea, ukiacha mafungu yasiyopungua mamia kadhaa kwenye m iliyo kubwa kuliko zote. Chora logi ya variansi dhidi ya logi ya m. Kama namba hazitegemeani, mstari utateremka kwa mteremko wa −1. Kama trafiki inajifanana, utateremka kwa mteremko −β ulio mlegevu zaidi, na H = 1 − β/2. Mteremko wa −0.4, kwa mfano, unatoa H = 0.8.

Njia hii huelekea kutoa H iliyo ndogo kidogo kuliko ya kweli, nayo hudanganywa kwa urahisi na mabadiliko ya wastani. Itumie kuona umbo, si kutoa namba ya mwisho. Kwa namba ya mwisho ni bora kutumia njia ya viwimbi (wavelets) ya Patrice Abry na Darryl Veitch, ambayo hupima nguvu ya mfululizo katika kila kipimo cha muda na haiathiriwi na mielekeo laini, au kadirio la Whittle, linalotafuta H inayolingana zaidi na data chini ya modeli fulani, pale unapoiamini modeli uliyoichagua. Kadirio la Whittle hutoa pia mipaka ya makosa, ila mipaka hiyo ina maana tu ikiwa modeli yenyewe ni sahihi.

Ukishapata makadirio mawili au matatu, usichukue wastani wake. Yakitofautiana sana, kwa mfano moja likisema 0.65 na jingine 0.9, rudi kwenye grafu na utafute ni wapi mstari unapopinda. Mara nyingi utakuta kwamba trafiki ina tabia moja chini ya mamia ya milisekunde, ambako TCP (itifaki inayodhibiti kasi ya kutuma data) na safari za pakiti kwenda na kurudi ndizo zinazotawala, na tabia nyingine juu ya hapo. H inaeleza eneo la juu tu. Kwa sababu hiyo, kila unapoiandika H, taja pamoja nayo masafa ya muda ambamo mstari ulikuwa mnyoofu.

Kuna jaribio jingine lenye thamani kubwa, nalo halihitaji modeli yoyote. Kata rekodi yako katika vipande vya, tuseme, sekunde 1. Changanya mpangilio wa vipande kwa nasibu bila kugusa yaliyo ndani yake, kisha pitisha rekodi hiyo katika foleni. Halafu fanya kinyume: acha vipande mahali pake na changanya yaliyo ndani ya kila kimoja. Jaribio la kwanza huharibu utegemezi unaozidi sekunde 1, la pili huharibu ule wa chini yake. Linganisha foleni hizo mbili na ile ya rekodi asilia, nawe utajua ni utegemezi upi unaoijaza bafa yako, na kwa hiyo ni upi ambao modeli yako haina budi kuuhifadhi.

Chagua modeli kulingana na unachokijua

Modeli mbili hutosha kwa kazi nyingi. Ya kwanza ni kelele ya Gauss yenye sehemu (fractional Gaussian noise), yaani mfululizo wa namba nasibu za Gauss zenye utegemezi wa masafa marefu, iliyotokana na kazi ya Benoit Mandelbrot na John Van Ness ya mwaka 1968. Inahitaji namba tatu tu: wastani, variansi na H. Inafaa pale trafiki inapokusanya vyanzo vingi kiasi kwamba mgawanyo wa baiti kwa kila kipindi unakaribia kengele ya Gauss, na pale swali linapohusu kiungo kimoja na foleni moja.

Ya pili hueleza sababu. Willinger na wenzake walionyesha kwamba ukijumlisha vyanzo vingi, kila kimoja kikituma kwa muda kisha kikinyamaza kwa muda, na urefu wa vipindi hivyo ukiwa na mkia mzito, jumla yake hujifanana. Mkia mzito maana yake ni kwamba vipindi virefu kupita kiasi hutokea mara nyingi kuliko mgawanyo wa kawaida unavyoruhusu. Mark Crovella na Azer Bestavros waliukuta mkia huo katika ukubwa wa mafaili yanayosafirishwa kwenye wavuti, jambo linaloeleza kwa nini tabia hii haikutoweka pamoja na Ethernet ya zamani: inatoka kwa watu na mafaili yao kabla haijafika kwenye nyaya. Chagua modeli hii kila unapotaka kubadilisha idadi ya watumiaji, kasi ya viungo au itifaki, kwa kuwa kelele ya Gauss haiwezi kukuambia H na variansi zitakuwaje baada ya mabadiliko hayo.

Zalisha kelele ya Gauss

Kovariansi ya mfululizo huu (kipimo cha jinsi namba zake mbili zinavyobadilika pamoja) kwa umbali k, σ² ikiwa variansi, ni γ(k) = (σ²/2) · (|k+1|^(2H) − 2|k|^(2H) + |k−1|^(2H)). Njia ya Hosking huizalisha kwa usahihi kamili, lakini kazi yake hukua kwa mraba wa urefu wa mfululizo. Tumia njia ya Davies na Harte, ambayo ni sahihi vilevile na hutumia badiliko la haraka la Fourier. Andika γ(0) hadi γ(N), N ikiwa urefu wa mfululizo unaoutaka, kisha endelea kurudi nyuma kutoka γ(N−1) hadi γ(1), upate duara la namba 2N. Lipitishe katika badiliko la Fourier upate thamani λ, ambazo kwa kelele hii hazishuki chini ya sifuri. Zidisha kipeuo cha pili cha kila λ/(2N) kwa namba changamano ambayo sehemu zake mbili ni namba nasibu za Gauss zisizotegemeana, zenye wastani 0 na variansi 1. Pitisha tena katika Fourier, kisha chukua namba N za kwanza za sehemu halisi na kuzijumlisha na wastani wa trafiki. Kompyuta ya kawaida hutoa namba milioni moja kwa muda mfupi sana.

Tatizo la njia hii ni namba hasi. Mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha variansi) ukiwa nusu ya wastani, takriban asilimia 2.3 ya vipindi vitakuwa na baiti chini ya sifuri. Kuzigeuza kuwa sifuri hupandisha wastani na kupunguza variansi, kwa hiyo baada ya kufanya hivyo pima upya vyote viwili na uvirekebishe. Ikiwa namba hasi ni nyingi zaidi ya hapo, usilazimishe. Pitisha mfululizo katika kipeo cha e ili upate mgawanyo wa logi-kawaida, ambao mara nyingi hufanana zaidi na trafiki, au nenda kwenye modeli ya vyanzo.

Zalisha vyanzo vinavyotuma na kunyamaza

Uhusiano wa kukumbuka ni H = (3 − α)/2, ambapo α, iliyo kati ya 1 na 2, ni kigezo cha mgawanyo wa Pareto, ambao una mkia mzito. Ukitaka H = 0.8, weka α = 1.4. Kipindi kimoja cha Pareto hupatikana kwa x = k · u^(−1/α), ambapo k ni kiwango cha chini na u ni namba nasibu kati ya 0 na 1, isiyokuwa 0 kamili. Wastani wake ni αk/(α − 1), ambao kwa α = 1.4 ni mara 3.5 ya k. Basi ukitaka wastani wa baiti 35,000 kwa kila mmiminiko, k ni baiti 10,000. Vipindi vya ukimya vinaweza kufuata Pareto pia au mgawanyo wa eksponensia, na α iliyo ndogo zaidi kati ya hizo mbili ndiyo itakayoamua H. Katika ns-3, kiigaji cha mitandao, programu ya OnOffApplication ikipewa ParetoRandomVariable hufanya kazi hii moja kwa moja.

Mambo matatu huharibu modeli hii kimyakimya. La kwanza ni uchache wa vyanzo: kumi au ishirini hutoa trafiki yenye ngazi zinazoonekana, si mfululizo unaojifanana, kwa hiyo anza na mamia. La pili ni kikomo. Ukiweka urefu wa juu wa kipindi, utegemezi hukoma baada ya muda huo. Si kosa, lakini kikomo kiwe kirefu kuliko kipimo chochote cha muda kinachohusu foleni yako. La tatu ni mwanzo. Vyanzo vyote vikianza kutuma kwa pamoja katika sekunde 0, uigaji huchukua muda mrefu sana kusahau hali hiyo, na kutupa dakika chache za mwanzo hakutoshi.

Njia mbadala iliyo nyepesi ni kuanzisha vikao kwa Poisson na kukipa kila kikao urefu wa Pareto. Inalingana na walichokiona Paxson na Floyd, ina uhusiano uleule wa H na α, nayo haihitaji kuhifadhi hali ya vyanzo vilivyonyamaza.

Ipitishe katika foleni

Foleni rahisi huandikwa Q(n+1) = max(0, Q(n) + A(n) − C), ambapo A(n) ni baiti zilizofika katika kipindi n na C ni baiti ambazo kiungo kinaweza kuzitoa. Endesha rekodi halisi na modeli yako katika foleni hiyohiyo, kwa viwango kadhaa vya matumizi ya kiungo, kisha linganisha uwezekano wa Q kuzidi kila ukubwa x. Mistari hiyo miwili ikitengana, modeli haijakubalika hata kama H yake ni sawa na ya rekodi hadi desimali ya pili.

Ili kukagua kama matokeo yako yana mantiki, tumia matokeo ya Ilkka Norros wa Ufini ya mwaka 1994. Kwa kelele ya Gauss yenye sehemu, uwezekano wa foleni kuzidi x hupungua takriban kama e^(−c·x^(2−2H)), c ikiwa namba isiyotegemea x, na bafa inayohitajika kwa kiwango kimoja cha upotevu hukua kama ρ^(1/(2−2H)) / (1−ρ)^(H/(1−H)), ambapo ρ ni kiwango cha matumizi. Kutoka ρ = 0.5 hadi ρ = 0.8, trafiki isiyo na utegemezi huhitaji bafa mara 4. Trafiki yenye H = 0.8 huhitaji takriban mara 126. Namba hiyo ndiyo sababu ya kazi yote hii: mtu aliyepanga mtandao wake kwa Poisson atanunua bafa akidhani ametatua tatizo, ilhali alichohitaji ni kasi zaidi ya kiungo.

Endesha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani

Hapa ndipo tathmini nyingi huanguka. Katika data isiyotegemeana, kupunguza kosa la wastani kwa nusu hudai data mara 4. Kosa la mfululizo unaojifanana hupungua kama n^(H−1), n ikiwa urefu wa mfululizo; kwa H = 0.8 kulipunguza kwa nusu hudai data mara 32, na kwa H = 0.9 mara 1,024. Wastani wa Pareto nao ni mzito vilevile: kwa α = 1.2, kupunguza kosa mara kumi hudai sampuli mara milioni moja.

Kwa hiyo usikate uigaji mmoja mrefu katika mafungu ukayachukulia kuwa hayategemeani, kwa sababu yanategemeana, na mipaka ya makosa utakayoipata itakuwa finyu kwa uongo. Endesha marudio mengi yenye mbegu tofauti za namba nasibu, angalau makumi, na toa wastani pamoja na mtawanyiko wote. Ucheleweshaji ni bora uripotiwe kwa wastani wa kati (median) na asilimia ya 99 (thamani ambayo vipimo 99 kati ya 100 haviizidi), maana wastani wa kawaida unaweza kuamuliwa na faili moja kubwa lililotokea katika rudio moja tu.

Usirudishe rekodi ya TCP kana kwamba haisikii

Kila nilichoeleza kuhusu kelele ya Gauss hudhani kwamba vyanzo havijali hali ya foleni. TCP hujali: pakiti zikipotea hupunguza kasi, na nafasi ikipatikana huiongeza. Rekodi iliyochukuliwa kwenye kiungo cha megabiti 100 imeshaundwa na kiungo hicho, na ukiipitisha katika kiungo cha megabiti 50 utapata upotevu mkubwa ambao mtandao halisi usingeuonyesha, kwa sababu watumaji wangekuwa wamepunguza kasi tangu mwanzo. Katika hali hiyo, chukua kutoka kwenye rekodi yale tu ambayo mtandao haukuyaamua, yaani nyakati za kuanza kwa vikao, ukubwa wa mafaili na muda ambao mtumiaji hukaa bila kuomba chochote. Vipe vyanzo vya uigaji mambo hayo, na uiache TCP ya ndani ya uigaji ipange pakiti zenyewe. Kisha pima H ya trafiki inayotoka na uilinganishe na ya rekodi kwa kasi ileile ya kiungo kilichorekodiwa, kabla hujagusa kasi nyingine yoyote.